Kondoo mwekundu wa Kimaasai na dume la Dorper: tatizo ni chotara anayebaki zizini

Tangu katikati ya miaka ya 1970, Dorper, kondoo wa nyama kutoka Afrika Kusini, walipoanza kusambazwa Kenya, kondoo mwekundu wa Kimaasai amezidi kupungua, ingawa hakuna aliyeamua kummaliza. Mfugaji wa Kajiado hununua dume moja la Dorper kuwapanda majike wake wekundu, wana wa kwanza hutoka wakubwa, wanunuzi huwagombania.

Wanaomsifu Dorper hawasemi uongo. Mnunuzi mnadani haulizi ukoo, anatazama mwili, na Dorper humzidi mwekundu wa rika lake kwa kilo nyingi. Kwenye nyanda kavu, ambako mayai ya minyoo hukauka kabla ya kuanguliwa, dume hilo hulipa vizuri, mradi majani yapo; mwili mkubwa hula sana.

Mvua zikirefuka, hesabu ni nyingine. Mnyoo aitwaye Haemonchus contortus hukaa katika tumbo la nne na kunyonya takriban mililita 0.05 za damu kwa siku, hivyo minyoo 1,000 hunyonya mililita 50. Kwa kawaida kondoo haharishi, ndiyo maana mfugaji huchelewa kugundua. Kope hupauka kwa ndani, maji hujaa chini ya taya, kisha mnyama huanguka malishoni. Katika majaribio ya Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990, wekundu walistahimili minyoo hiyo kuliko Dorper na walikufa wachache zaidi. Kusema dawa zipo hakutoshi: kipimo cha kukisia humpunja mnyama mzito, na minyoo iliyonusurika ndiyo huzaa. Pima kipimo kwa uzito halisi. Wakati wa mvua kagua kope kila wiki mbili, utibu waliopauka.

Kwa maoni yangu, kuchanganya si kosa. Kosa ni kubakiza chotara dume, au kuwapandisha chotara jike kwa Dorper tena: damu ya Dorper inafika nusu, robo tatu, kisha saba kwa nane, na ustahimilivu wa minyoo unayeyuka. Rangi nayo hudanganya, kwani chotara wengine huzaliwa wekundu. Tazama pia mkia, ule mnono wa asili wa mwekundu halisi. Chotara dume wahasiwe kabla ya miezi minne.

Mwenye majike 30 anayebadilisha watano kwa mwaka ahifadhi kama 15 kwa dume jekundu halisi, maana nusu ya watakaozaliwa ni madume na wengine watakufa. Waliobaki wapandwe na Dorper, na wana wao wote wauzwe.

Ugumu ni malisho ya pamoja, ambako dume la jirani halijui mpango wako. Kile kipande cha ngozi ambacho Wamaasai humfunga dume tumboni asipande husaidia, ila jirani naye lazima afunge la kwake. Wafugaji watatu wanaweza kuchangia dume jekundu moja, lihamishwe kabla binti zake hawajaanza kupandwa.