Jeli Iliyodungwa Titini: Itolewe au Iachwe?

Mwaka 1997 jeli ya poliakrilamaidi, kemikali ya kutengenezwa inayoshika maji, ilianza kuingia China kutoka Ukraine kwa ajili ya kukuza matiti. Ilipendwa kwa kuwa haikuhitaji kisu: mtu anadungwa sindano na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Aprili 2006 serikali ya China iliipiga marufuku, baada ya malalamiko ya maumivu, mabonge, usaha na jeli kuhama kutoka pale ilipowekwa. Lakini waliokwisha kudungwa wamebaki nayo mwilini, na juu yao madaktari hawakubaliani: itolewe hata kama haimsumbui mwenyewe, au asubiri mpaka dalili zijitokeze?

Wanaosema iachwe wana hoja nzito. Jeli hii haina mfuko wa kuishikilia kama ulivyo mfuko wa silikoni unaopandikizwa kwa upasuaji. Hupenya katikati ya mafuta na msuli wa kifua, na kuisafisha yote mara nyingi haiwezekani. Daktari akiifuata kila ilikoingia, atakata na nyama nzima, na mwanamke aliyeingia hana maumivu atatoka na kovu na titi lililobonyea. Wapo waliokaa nayo miaka mingi bila shida.

Wanaotaka itolewe wanatazama mbele zaidi. Jeli inaweza kuteremka hadi tumboni, au kupata maambukizi miaka mingi baada ya sindano. Na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kusambaa. Kwangu mimi hoja yao kubwa ni ya saratani: mwanamke anapapasa titi, anakuta bonge, na hawezi kujua kama ni jeli au ni uvimbe mbaya. Mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, nayo inaweza kushindwa kumwambia, kwa sababu jeli hujitokeza kama vivuli vizito vinavyoweza kuficha kilicho nyuma yake.

Hapo ndipo MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, inapobadilisha mjadala. Jeli hii kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo katika picha zinazoonyesha maji hung'aa nyeupe, na daktari huona imekaa wapi, imepita msuli au la, imekusanyika au imetawanyika. Akiongezewa mgonjwa dawa ya mshipani, uvimbe wenye damu nyingi hujitenga na jeli, ambayo yenyewe haina mishipa. Altrasaundi ni nafuu na inaonyesha madimbwi ya jeli vizuri, ila haifiki mbali nyuma ya msuli. Tena silikoni ya maji, ambayo nayo hudungwa kwa siri sehemu nyingi duniani, hutoa katika altrasaundi ukungu mweupe unaofunika kila kitu chini yake.

Kwa hiyo naegemea upande wa kutoa, kwa sharti: picha ionyeshe jeli bado imekusanyika mahali pamoja. Ikiwa imeshatawanyika na mgonjwa hana dalili, kumfuatilia kwa MRI ni busara kuliko kumkatakata. Ninachokipinga kabisa ni kuinyonya kwa kubahatisha kupitia tundu dogo, bila picha kabla wala baada. Mgonjwa huambiwa amepona, kumbe nyingine imebaki ndani.

Najua MRI ni ghali, na kwetu Afrika Mashariki mashine zenyewe ziko zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Lakini hata mashine ikiwepo, anayesoma picha anahitaji kujua anatafuta nini, na wengi waliodungwa hawasemi. Wengine wanaona aibu, wengine hawakuambiwa kamwe walidungwa kitu gani. Kwenye fomu ya kipimo cha matiti iongezwe swali moja: umewahi kudungwa chochote cha kubadili umbo, lini, na wapi mwilini? Muulizaji awe faragha na mgonjwa, mume akiwa nje, na jibu liishie kwa daktari.