Yasini na Sindano

Wiki iliyopita, saa nane za usiku, tulimteremsha shangazi mbele ya hospitali moja hapa Pemba, baada ya kutapika tangu magharibi na kushindwa kumeza hata tone la mofini ya maji aliyopewa kwa maumivu ya saratani iliyokwishaingia mifupani. Muuguzi wa zamu alizisoma karatasi zake, akatuambia kwa upole kabisa: "Jamaa zangu, huyu hana la kufanyiwa tena. Mrudisheni nyumbani, mkamsomee Yasini."

Tulikwisha kumsomea. Sikujua kwamba Yasini na sindano havikai chumba kimoja.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba mahali pa mgonjwa wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso asiyetarajiwa kupona, ni nyumbani kwake, na shangazi mwenyewe hataki kufia mbali na mlangilangi wake. Vitanda navyo ni vichache. Lakini nani aliyesema kwamba anayelazwa ni yule tu anayetarajiwa kupona? Dawa ya kunywa kila baada ya saa nne humfaa anayeweza kumeza. Asiyeweza humpasa apewe dawa hiyo hiyo chini ya ngozi, kwa mkono wa mtu aliyefunzwa, huku akiangaliwa mpaka kipimo chake kijulikane. Ndivyo ilivyo pia kwa anayehangaika kupumua, kwa anayetokwa na damu isiyozuilika, na kwa aliyechanganyikiwa akili hata halali wala halazi wenziwe. Mara nyingi ni siku chache tu, kisha hurudi kwake. Hata St Christopher's ya London, nyumba ya kuwauguza wagonjwa kama hao aliyoianzisha daktari Cicely Saunders mwaka 1967, ilianza na vitanda, na miaka 2 baadaye ikawapeleka wauguzi wake majumbani, bila ya kuviondoa vile vitanda.

Na mwenye kuuguza je? Marekani, bima ya wazee hulipia hadi siku 5 mfululizo za kumlaza mgonjwa ili aliye naye apumzike. Hapa, mwanawe shangazi tukimwambia alale kidogo hutuuliza ni nani atakayemgeuza mama yake.

Tulimrudisha nyumbani, tukamleta tena saa mbili za asubuhi. Daktari aliyeingia zamu alimlaza bila ya maneno mengi, akaagiza sindano, na kabla ya adhuhuri shangazi alikuwa anaomba uji. Dawa ilitoka katika kabati lile lile lililokuwa nyuma ya yule muuguzi usiku.