Anayepima sukari aulize na fizi

Shangazi yangu ana kisukari. Juzi nilifuatana naye kliniki moja hapa Pemba. Akapimwa sukari, presha na uzito, akatazamwa na nyayo. Alipotaja kwamba fizi zinamtoka damu kila akipiga mswaki, akajibiwa, "Ah, umri huo, bibi." Basi, akaitwa mwengine.

Iliniuma, kwa sababu si umri. Ufizi mzima hautoki damu kwa mswaki. Bakteria wakishakaa pembezoni mwa jino, mwili huwapelekea chembe nyeupe za damu, na hapo hutoka kemikali za uvimbe, intalukini-1 na TNF-alfa, zinazochochea mfupa unaoshika jino uliwe. Hutoka pia kimeng'enya MMP-8, chenye kukata nyuzi za ufizi; hicho hupimika hata kwenye mate. Na mambo hayaishii mdomoni. Kemikali nyengine ya uvimbe, intalukini-6, huingia kwenye damu, ikifika kwenye ini, ini hutoa protini iitwayo CRP, na uvimbe huo unaoenea mwilini huifanya insulini ifanye kazi kwa taabu. Sukari ikipanda, fizi nazo huzidi kuharibika. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalionesha kuwa kutibu fizi za mwenye kisukari hushusha HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kwa takriban pointi 0.4 za asilimia katika miezi mitatu au minne. Kwa nini basi mdomo wa shangazi haukufunguliwa?

Haya, nakubali: CRP peke yake haiwezi kuzishtaki fizi, maana hata mafua huipandisha, na kipimo cha MMP-8 si cha kutarajia kila kituo. Lakini kuuliza "Fizi zinakutoka damu?" hakutaki maabara. Ila anayevuta sigara atazamwe hata akisema hapana, kwani nikotini hubana mishipa na kuificha damu.

Sisi Wapemba tuna karafuu, na kweli inatuliza jino. Lakini ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno na kukaliwa na bakteria, haiutoi. Tena fizi haziumi sana, mtu hushtuka jino limeshaanza kucheza, na hapo huambiwa ling'olewe.

Kadi ya kisukari iongezwe mstari mmoja wa fizi. Anayetoka damu aandikiwe siku hiyohiyo kwenda kwa daktari wa meno, apimwe kina cha mifuko ya fizi, yaani nafasi baina ya jino na ufizi, na akwanguliwe ugaga, angali na meno yake.