Sindano ya kukomaza mapafu na mishipa ya damu ya mtoto

Kwenye benchi la kliniki ya wajawazito huko Temeke, Dar es Salaam, mama mmoja mwenye presha na miguu iliyovimba aliambiwa kwamba huenda akazalishwa kabla ya siku zake, na kwamba itabidi achomwe sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Akauliza: “Sista, hiyo sindano haitamrithisha mwanangu presha?” Akajibiwa kwamba sindano ni ya mapafu na presha ni jambo jingine. Foleni ilikuwa ndefu, na nesi simlaumu, lakini swali la yule mama ndilo ambalo watafiti wamekuwa wakibishana juu yake kwa zaidi ya miaka 30.

Dawa inayozungumzwa hapa ni steroidi, deksamethazoni au bitamethazoni. Mwaka 1969 daktari Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, aliona kwamba wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupewa steroidi walipumua vizuri kuliko alivyotarajia, na mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha matokeo ya jaribio la kwanza kwa wanadamu. Tangu hapo sindano hii imeokoa watoto njiti wasio na idadi, kwa kuharakisha utengenezaji wa ule ute unaozuia vifuko vya hewa visinywee na kunata.

Lakini dawa hii haichagui mapafu peke yake. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachopunguza makali ya kotisoli, steroidi ya asili ya mwili wa mama, kabla haijamfikia mtoto, na steroidi hizi mbili huchaguliwa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kimeng'enya hicho hakiziwezi sana. Zingezuiliwa mlangoni, zisingekuwa na kazi. Zikishapita, huziambia seli za mtoto ziache kuongezeka na zianze kukomaa. Kwa pafu, amri hiyo ni neema. Kwa figo, ambayo huunda vichujio vyake hadi karibu na wiki ya 36 na baada ya hapo haiongezi hata kimoja, huenda ikawa hasara, kwa kuwa figo yenye vichujio vichache inahusishwa na presha ya ukubwani. Aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, nayo hujengewa nyuzi zake za kunyumbuka katika miezi ya mwisho ya mimba na muda mfupi baada ya kuzaliwa, na nyuzi hizo zikipungua, mshipa huwa mgumu kama mpira uliokaa juani.

Ushahidi wa upande huu si wa kubeza. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba panya waliopewa deksamethazoni wakiwa na mimba walizaa watoto wadogo ambao baadaye walikuwa na presha ya juu. Majaribio ya kondoo yalionyesha mishipa inayobana kupita kiasi inapochokozwa. Kwa wanadamu, watafiti wa Oxford waliripoti mwaka 2012 kwamba vijana waliozaliwa njiti ambao mama zao walichomwa sindano walikuwa na upinde wa aota mgumu zaidi kuliko njiti wenzao ambao mama zao hawakuchomwa, kiasi cha kufanana na watu waliowazidi umri kwa takriban miaka kumi.

Hata hivyo, kuna mtego ambao wanaotumia matokeo haya kutisha watu huuruka. Sindano haitolewi kwa bahati nasibu: hupewa mama ambaye mimba yake tayari ina shida, na mara nyingi shida yenyewe ni presha. Kuzaliwa njiti peke yake huongeza uwezekano wa presha ukubwani, na mtoto wa mama aliyepata presha ya mimba huelekea huko huko. Kwa hiyo ukimkuta kijana mwenye aota ngumu, ni vigumu kumtaja mkosaji kati ya watatu. Namna ya kuwatenganisha ni jaribio la kura, ambapo nani apate dawa na nani asipate huamuliwa bila kuangalia hali ya mgonjwa, na jaribio la Auckland lilikuwa la namna hiyo. Watoto wake 534 walipimwa wakiwa na umri wa miaka 30, na presha ya waliopata dawa haikutofautiana na ya wasioipata, ingawa miili ya waliopata dawa ilionyesha dalili za kuisikia insulini, homoni ya kudhibiti sukari, kwa shida kidogo. Watoto 424 wa jaribio hilo walipofuatiliwa tena wakikaribia miaka 50, hakukuwa na ongezeko la magonjwa ya moyo wala ya mishipa.

Kwangu, ushahidi huo unazidi kwa uzito ule wa panya, ambao hupewa dozi kwa siku nyingi katika mimba ya wiki tatu tu. Haufungi mjadala, kwa sababu wengi wa watoto wa Auckland hawakuwa njiti wadogo kabisa kama hawa wanaookolewa siku hizi, na wengi hawakupatikana tena kupimwa. (Sisi hatutaweza hata kujaribu: mtu wa miaka 50 atakayefika kwa daktari wa moyo pale Upanga, kadi ya kliniki ya mama yake ataitoa wapi?) Ila unatosha kusema kwamba mama anayekaribia kuzaa kabla ya wiki 34 asiikatae dozi moja kwa kuhofia mishipa. Katika jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2020, lililofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliochomwa dawa na asilimia 23.5 kwa wasiochomwa. Aota ngumu inamhusu mtoto aliyeishi.

Wasiwasi wangu uko kwa mtoto ambaye hakuihitaji. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2023 yalikuta kwamba takriban asilimia 40 ya watoto ambao mama zao walichomwa mapema walikuja kuzaliwa mimba ikiwa imetimia. Hao wamepokea amri ya kuacha kukua bila kulipwa chochote kwenye mapafu, na kwao hata hatari ndogo kwa figo au aota haina cha kuifidia. Kurudia dozi kila wiki mbili kulijaribiwa pia, na matokeo ya mwaka 2008 yalikuwa watoto wadogo zaidi pasipo faida ya ziada. Kisha kuna lile jaribio la mwaka 2015, lililohusisha Kenya na Zambia miongoni mwa nchi sita, ambapo sindano ilisambazwa hadi vituo vya chini: wengi waliochomwa hawakuzaa watoto wadogo, na vifo vya watoto kwa ujumla viliongezeka badala ya kupungua. Dawa ilikuwa ile ile. Lililopungua lilikuwa uhakika wa umri wa mimba na huduma inayomsubiri mtoto, na hayo ni miongoni mwa masharti ambayo Shirika la Afya Duniani linayaweka kabla ya sindano kutolewa.

Umri wa mimba jijini hapa mara nyingi huanzia kwenye kumbukumbu. Mama huulizwa tarehe ya mwisho ya hedhi, hujibu “ilikuwa kama wiki moja baada ya Idi,” kisha nesi huzungusha kile kigurudumu cha kuhesabia. Altrasaundi ya miezi ya mwanzo ingemaliza ubishi, lakini wengi huanza kliniki tumbo likiwa limeshaonekana, na kipimo cha wakati huo hukosea kwa wiki mbili au tatu, tofauti inayoweza kumtoa mtu nje kabisa ya mpaka wa wiki 34.

Yule mama wa Temeke, kwa futikamba iliyopita juu ya tumbo lake, alikuwa na wiki 32. Kwa tarehe aliyoikumbuka, alikuwa na wiki 36. Kwenye kadi yake namba zote mbili zilikuwepo, moja imeandikwa juu ya nyingine.