Yvonne Nelson na gharama ya kutosubiri kuitwa

Enzi za kukodi filamu mtaani, kila kilichotoka Afrika Magharibi tulikiita cha Kinaijeria, hata kama kilipigwa Accra. Ndivyo wengi tulivyomjua mwigizaji Yvonne Nelson bila kujua kuwa ni Mghana. Alishiriki Miss Ghana 2005, na mwaka 2007 akaonekana kwenye filamu ya Princess Tyra.

Wanaomkosoa wana hoja ya kusikilizwa: hakukaa kwenye uigizaji mpaka ukakomaa. Mwenzake Jackie Appiah aliendelea kucheza tu, na mwaka 2010 akatwaa tuzo ya AMAA, tuzo za filamu za Afrika, ya mwigizaji bora wa kike. Yvonne akageukia utayarishaji, uanaharakati, shule, kisha kitabu. Filamu alizotayarisha, kuanzia The Price ya 2011 hadi House of Gold ya 2013, zilipendwa, ila sioni kama ziliibadili sinema ya Ghana.

Hata hivyo, kabla ya The Price kulikuwa na 2010, mwaka ambao chama cha watayarishaji wa filamu nchini kwao kilimfungia. Mtayarishaji ndiye anayechagua sura, anayelipa na anayeamua nani aitwe tena. Akikufungia, amekukatia riziki. Kumlaumu binti kwa kuanzisha kampuni yake baada ya hapo ni kumtaka akae nje ya geti akisubiri wenye nyumba watulie hasira.

Halafu likaja suala la umeme. Waghana wanauita mgao dumsor: kwa Kiakan, zima-washa. Mwanzoni mwa 2015 ratiba ilifikia saa 12 za umeme kwa saa 24 za giza. Tarehe 16 Mei mwaka huo Yvonne, akiwa na miaka 29, aliongoza mkesha jijini Accra akiwa na wasanii wenzake, watu wamevaa nyeusi, tochi na taa mkononi. Wafuasi wa Rais John Mahama walisema anatumiwa na wapinzani. Sikatai kwamba wapinzani walinufaika, maana malalamiko yoyote dhidi ya serikali huwanufaisha, na Mahama alishindwa uchaguzi wa Desemba 2016. Lakini mama ambaye samaki wake wameharibika kwenye friji haulizi tochi imeshikwa na mwanachama wa chama gani.

Kwenye kitabu ndipo ninapositasita. I Am Not Yvonne Nelson kilitoka 2023, na jina lake linatokana na jambo zito: mwanamume ambaye Yvonne amebeba jina lake siye baba yake. Kueleza safari ya kumtafuta baba ni haki yake, na kuna wasomaji wengi waliojiona humo. Ila ndani yake mna mama yake pia, na simulizi ya mimba aliyoitoa, huku rapa maarufu akitajwa kwa jina. Rapa akajibu kwa wimbo, mitandao ikagawanyika kambi mbili, na yule baba anayetafutwa akasahaulika katikati ya kelele. Safari hii mtayarishaji alikuwa yeye, na waliopangiwa nafasi hawakuulizwa kama wanataka kucheza.