Malindi tuna baiskeli, mashabiki hatuna

Jumapili ya Ronde van Vlaanderen, mbio kubwa za baiskeli za Ubelgiji, ikifika, hapa Ghent ninapoishi watu hutoka na viti vyao kwenda kukaa kando ya barabara zinakopita mbio, hata mvua ikinyesha. Mbio hizi zilianza 1913. Lakini mapenzi yenyewe huanzia vijijini, kwenye mashindano madogo yanayoitwa kermis: vijana wanazunguka mitaa ile ile mara nyingi, wazee wanajitolea kushika bendera kwenye kona, na watoto wanagombania chupa za maji zinazotupwa na waendeshaji. Mtoto akishadaka chupa moja, basi huyo ni shabiki mpaka uzeeni. Wadhamini nao hufuata walipo watu, maana timu za baiskeli hazina kiingilio cha kuziweka mjini.

Nikiwaambia haya wenzangu wa Malindi, hunijibu kwamba Wazungu wana pesa. Sikubali hata kidogo. Eritrea si nchi tajiri, na mchezo huu waliukuta kwa Waitaliano waliowatawala, wakaufanya wao. Mwaka 2024 Mueritrea Biniam Girmay alishinda hatua 3 za Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi. Rwanda nayo iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli Kigali mwaka 2025. Malindi tumeishi na Waitaliano miaka mingi, Kiitaliano chao tunakizungumza vizuri, ila mbio za baiskeli hatukuzichukua.

Kwetu baiskeli ni ya mizigo. Kijana anatoka Ganda, nje ya mji, alfajiri na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, magunia ya makaa yamekazwa kwa mpira kwenye keria, anapambana na upepo wa kusi peke yake mpaka mjini. Miguu ile kocha yeyote wa huku angeitamani. Nyumbani wanamwombea apate pikipiki, kwa sababu hawajawahi kuona mtu akishangiliwa juu ya baiskeli.

Na kushangilia tunajua! Maulidi ya Lamu ina mbio za punda, na watu hujaa pwani kuzitazama.

Kaunti ya Kilifi ifunge barabara Jumapili moja tu asubuhi, Malindi hadi Watamu na kurudi. Black Mamba ziwe na mbio zake na zawadi zake, wenye hoteli wachangie. Na njia ipite mitaa ya Maweni na Kisumu Ndogo, mbele ya milango ya watu, isiishie kule kwenye hoteli za ufuoni.