Nalipa Taslimu, Bila Maswali

Binamu yangu aliyeko Houston alinipigia usiku wa manane, kwake bado mchana, akasema anataka kununua nyumba Moshi. Ila si nyumba yoyote. Anataka ya mtu aliyebanwa.

"Tafuta mwenye haraka," alisema. "Aliyefiwa, anayeachana na mkewe, anayedaiwa kodi, aliyehamia mbali akaichoka nyumba. Huyo habishani bei."

Wakati huo sikuwa na kazi, na mtu asiye na kazi hukaa darasani vizuri sana. Alinifundisha kwa simu siku tatu mfululizo. Kanuni kuu: usilipe zaidi ya asilimia 70 ya thamani ya nyumba ikishakarabatiwa, na hapo utoe tena gharama ya ukarabati. Halafu, akasema, nenda ofisini ukachukue orodha ya wanaodaiwa kodi ya nyumba, maana Marekani orodha hizo zinapatikana. Nikamweleza kwamba kwetu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme. Mdaiwa utamjua kwa sababu yuko gizani. Akanyamaza kidogo, kisha akanihamishia kwenye njia ya pili: kuzunguka mitaani ukitafuta dalili. Nyasi ndefu. Rangi iliyobanduka. Nyumba iliyofungwa siku nyingi. Ukiiona, mwenyewe unampelekea barua ya mkono kwenye karatasi ya njano, asije akadhani ni tangazo. Kuna pia vibao vya kuchomeka barabarani, ambavyo Wamarekani wenyewe huviita vibao vya majambazi. Jina hilo lilitakiwa kunizindua.

Nikakodi bodaboda. Njiani nikamfundisha dogo aliyekuwa akiniendesha ile hesabu ya asilimia 70, maana mtu ukijua kitu kipya mdomo hautulii. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyouliza mimi.

Tukapanda mtaa mmoja wa juu, ukishaipita Shanty Town, kule migomba inapoanza kuwa mingi kuliko mabati. Dalili zilikuwa tele! Nyumba ya kwanza nyasi zimenifika kifuani. Ya pili nondo zimechomoza juu ya ukuta kama nywele zisizochanwa. Ya tatu jumba zuri kabisa, madirisha yote yamefungwa, kufuli limeshika kutu. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga picha, nikatikisa kichwa kwa huruma. Aliyekuwa akinichungulia nyuma ya pazia, na walikuwepo, aliona mwizi mwenye mpangilio.

Karatasi za njano sikuzipata stationari, nikanunua manila ya njano nikaikata vipande 31. Nikaandika mpaka kidole kikaota sugu, nikilitafsiri somo la binamu neno kwa neno:

"Mpendwa mwenye nyumba. Nimepita kwako mara kadhaa nikaitazama nyumba yako. Najua unapitia kipindi kigumu. Nalipa taslimu, haraka, bila maswali. Usimshirikishe dalali wala mtu mwingine. Nipigie kabla ya Ijumaa."

Kwa Kiingereza cha binamu, naapa, ilisikika vizuri. Nikazipenyeza chini ya mageti saa kumi na moja alfajiri, ili nisiwasumbue watu.

Alhamisi simu ikaita. Sauti ya bibi, laini kama maziwa ya mgando. "Mwanangu, barua yako nimeipata. Njoo Jumamosi saa nne tuongee. Na uje na kitambulisho."

Kitambulisho! Muuzaji makini huyo. Nikavaa koti.

Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa uani, watu kama arobaini wamekaa, mwenyekiti wa mtaa mbele yao. Nikadhani ni msiba, na aibu iliyoje, moyo ukaniruka kwa furaha: aliyefiwa! Kisha nikaona wengi wao wameshika kipande cha manila ya njano.

Mwenyekiti aliisoma barua yangu kwa sauti, taratibu, kama hukumu. Alipofika "kabla ya Ijumaa" mama mmoja akasema, "Yesu na Maria." Mgambo wawili wakasogea nyuma yangu.

"Haya, eleza."

Nikaeleza. Nilipozitaja nyasi, bibi akasimama.

"Nyasi? Hayo ni majani ya ng'ombe wangu! Nimeyapanda kwa mikono hii. Unajua kiangazi mzigo mmoja natafutwa nao mpaka wapi?" Ng'ombe mwenyewe akalia bandani, kana kwamba amepewa nafasi ya kutoa ushahidi.

Mwenye nondo naye akainuka. Nondo zake, alisema, zinasubiri ghorofa. Amejenga miaka 11 bila kukopa hata senti, na leo anaandikiwa na mtoto wa juzi kwamba yuko kwenye kipindi kigumu. Kuhusu lile jumba lenye kufuli, wazee walicheka tu. Wenyewe wako Dar, watakuja Desemba kama watu wote. Isitoshe ni kihamba, ardhi ya ukoo, babu yao amelala pale nyuma ya migomba. "Na yeye utamlipa taslimu?" mzee mmoja akaniuliza.

Hilo nililijua. Mimi ni mtoto wa Kibosho, kwetu pia Desemba ndiyo kufuli linafunguliwa. Sijui Houston iliingiaje kichwani ikaifuta Kibosho yote.

Akasimama mama mmoja, mwalimu. "Mimi hii barua nimeikuta ndani ya Biblia ya mume wangu."

Kimya.

"Imekunjwa mara nne. Namba ya simu imepigiwa mstari."

Mumewe akageuka kuutazama Mlima Kilimanjaro, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu. Mwalimu akaufundisha mkutano mzima kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, na muda wote huo hakunitazama mimi hata mara moja. Kwa robo saa hivi hakuna aliyekumbuka kwamba nipo. Ningekimbia, ila mgambo walinikumbuka.

Kilichoniokoa ni swali la mzee yule yule: "Wewe ni wa kwa nani?" Nikajieleza mpaka kwa babu. Kumbe babu aliwahi kumkopesha jembe. Basi polisi ikaachwa, nikapigwa faini: mbege ndoo mbili na soda kreti mbili, papo hapo, za kuwatuliza watu niliowatisha. Hesabu ikaja 80,000. Mfukoni nilikuwa na 6,000, na hizo ni za boda.

Nikamfuata dogo getini, nikampa simu yangu ainunue. Akaigeuza geuza.

"Ikiwa nzima, laki mbili," alisema. "Asilimia 70 ni laki na arobaini. Kioo kimepasuka, toa sitini. Themanini."

"Dogo, hii niliinunua laki tatu!"

"Bosi, nalipa taslimu." Akatabasamu. "Bila maswali."

Mbege ilikuwa nzuri, lazima niseme, hata mimi nilipewa kata moja. Laini nilisahau kuitoa kwenye simu, kwa hiyo binamu alipopiga jioni alipokea dogo. Nasikia sasa wanafanya kazi pamoja.

Wiki iliyofuata nilipita mtaa ule kwa miguu, kofia imeshuka hadi machoni. Ukuta baada ya ukuta umepakwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Kwa mwalimu imeandikwa mara mbili, nje na upande wa ndani wa geti. Bibi peke yake hakuharibu rangi. Alikuwa amebandika getini kipande cha manila ya njano, kwa mwandiko wa mkono:

"Nyumba haiuzwi. Majani ya ng'ombe yanauzwa. Njoo na taslimu."